Udongo Uliopanda Ukutani

MILEMBE: Mwangaluka, wasikilizaji wetu. Ni dada yenu Milembe. Leo tunarekodi nyumbani kwangu, Mabatini huku mlimani, jijini Mwanza, na mkisikia sauti inarudi ni kwa sababu chumba tumekitoa vitu vyote. Fundi Shija, salimia watu.

SHIJA: Mwangaluka. Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu habari za leo.

MILEMBE: Hebu waeleze ulichokikuta hapa Jumatatu.

SHIJA: Dada alinipigia akasema mlango wa chumba cha nyuma umegoma kufunga. Nikajua ni bawaba, nikaja na bisibisi tu. Nilipoegemea fremu, kidole gumba kikazama. Rangi ilikuwa nzima, inang'aa kabisa, lakini ndani hakuna mbao. Udongo mtupu, na mchwa weupe wanakimbia.

MILEMBE: Na fremu ile niliuziwa kwa jina la mninga.

SHIJA: Haikuwa mninga, dada. Ilikuwa paini iliyopakwa rangi ya mninga. Sisemi paini ni mbao mbaya, nyumba nyingi zimeezekwa kwa kenchi za paini na zimesimama. Lakini lazima iwe imetiwa dawa. Paini isiyo na dawa, halafu imegusana na ukuta wenye unyevu, mchwa hawaiachi.

MILEMBE: Mimi kilichoniuma ni kwamba dalili nilikuwa naiona. Kule nyuma ya kabati kulikuwa na mstari wa udongo unapanda ukutani, mwembamba kama penseli. Nikawa nafuta kwa kitambaa kila nikifagia. Wiki ijayo upo tena, nafuta tena. Zaidi ya mwaka.

SHIJA: Hapo ndipo ningependa kila msikilizaji asimame kidogo. Mstari ule ndiyo njia yao. Mchwa wa ardhini ana ngozi laini, hewa kavu inamuua na mwanga anaukwepa, kwa hiyo anajenga kijia cha udongo apite ndani yake akiwa na unyevu wake, kutoka chini mpaka kwenye mbao. Ukikifuta hujaua mtu pale. Wenyewe wako chini, wanakuja kujenga upya.

MILEMBE: Kwa hiyo nisingefuta?

SHIJA: Ungebomoa kipande kidogo tu, urefu wa kidole, ukaacha kwingine kote. Kesho unarudi kuangalia. Ukikuta wameziba, basi njia ni hai na kazi inaendelea. Ukikuta siku tatu nne pako vilevile, pamekauka, huenda walishahama. Hata hivyo kagua na mbao nyingine za karibu, maana wanaweza kuwa wamepata njia nyingine. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Mbao nzima inalia kwa sauti nzito, iliyoliwa inalia kama boksi tupu.

MILEMBE: Sasa nyuma ya nyumba. Ulinishika mkono ukanipeleka kule kama mtoto.

SHIJA: Kwa sababu ugonjwa wenyewe uko kule. Wasikilizaji wanaokaa Mabatini, Igogo, Kitangiri, Isamilo, milima yetu hii ya mawe mnaijua. Unachimba ubavu wa mlima upate pa kusimamisha nyumba, ukuta wa nyuma unaangalia mlima. Kila mvua inateremsha udongo kidogo. Mwaka wa kwanza huoni kitu. Miaka minane baadaye udongo umeegemea ukuta mpaka chini ya dirisha.

MILEMBE: Na mimi nikapanda maua juu yake.

SHIJA: Maua mazuri tu, lakini yanamwagiliwa kila jioni. Sasa sikiliza jinsi nyumba inavyojengwa. Juu ya msingi fundi analaza ule mkanda mweusi wa kuzuia unyevu, ndipo tofali zinaanza kupanda. Mkanda ule unafanya kazi pale tu udongo wa nje unapokuwa chini yake. Ukipita juu yake, unyevu unaingia ukutani moja kwa moja, na mchwa anaingia pamoja nao bila hata kujenga kijia kwa nje. Anapenya kwenye ufa wa lipu, anatokea nyuma ya fremu. Hutamwona mpaka kidole kizame.

MILEMBE: Unataka ukuta uonekane kiasi gani?

SHIJA: Kutoka usawa wa udongo mpaka kwenye mkanda, angalau sentimita 15. Sehemu ile iwe wazi, kavu, isiegemewe na kitu. Si kuni, si mabati ya zamani, si mchanga uliobaki kwenye ujenzi. Na kuna jambo sisi mafundi tunalifanya, nalisema kwa uchungu: tukimaliza kazi, vipande vya mirunda na mbao za kumwagia zege tunavifukia humohumo kwenye kifusi kabla ya jamvi, lile zege la sakafu. Tunamwekea mchwa chakula chini ya sakafu ya mteja. Ukijenga, simamia mwenyewe, kila kipande cha mti kitolewe, na dawa ya mchwa ipigwe kwenye udongo kabla zege halijamwagwa. Ukishamwaga, kuipitisha dawa kule chini ni kutoboa sakafu.

MILEMBE: Watu wataniuliza kuhusu oili chafu.

SHIJA: Ile ya kwenye injini? Inatumika sana, na mwanzoni mchwa anaikwepa kweli. Lakini inakaa juu juu, haizami kwenye mbao kama dawa ya kiwandani inayosukumwa kwa mgandamizo. Na ina uchafu wa metali. Huku mlimani kila kinachomwagika kinafika Mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani, na ziwani ndiko tunakochota maji ya kunywa na samaki wa kula. Mimi niliacha.

MILEMBE: Na kumbikumbi? Maana mvua za kwanza zikinyesha watoto wanashangilia.

SHIJA: Washangilie, na waokote wakaange. Wale wa nje waliofuata taa hawana shida. Lakini kumbikumbi ni mchwa wenye mbawa, wanatoka kwenda kuanzisha koloni mpya. Ukiona wanachomoza ndani, kwenye ufa wa sakafu au pembeni mwa fremu, maana yake kiota kiko chini ya nyumba au karibu sana. Hapo ita fundi wa dawa mapema.

MILEMBE: Kuna mama alinionyesha meza yake, chini kuna unga kama wa ngano. Naye anaita mchwa.

SHIJA: Huyo ni mwingine. Unga laini unaodondoka na vitundu vidogo vya duara, hao ni bungua, wanazaliwa ndani ya mbao yenyewe. Hawana kijia cha udongo na hawatoki ardhini, kwa hiyo ukimwaga dawa chini umetupa hela. Mbao ndiyo inayotiwa dawa, au kipande kinakatwa na kuchomwa.

MILEMBE: Twende chumbani. Hapa nina maneno ya moyoni, naomba nisikatishwe. Nina vyumba vinne vya kupangisha. Mpangaji mmoja alileta kitanda cha mtumba, na ndani ya miezi miwili vyumba vyote vina kunguni. Yule binti aliona aibu kunieleza, akawa hasemi. Anavaa mikono mirefu kwenda kazini kuficha vipele. Jamani, kunguni si uchafu. Anaingia nyumba inayong'aa sawasawa na isiyong'aa, anachofuata ni damu ya mtu aliyelala. Wenye nyumba wenzangu, mpangaji akikwambia ana kunguni usimgombeze. Ukimgombeza atanyamaza, na kunguni watapita kwenye ufa wa ukuta mpaka kwako.

SHIJA: Kweli kabisa, dada.

MILEMBE: Nikajifunza kuwatambua. Usisubiri kumwona mwenyewe, maana mchana anajificha. Funua pindo la godoro, pale penye mshono. Utaona vidoadoa vyeusi kama umegusa kwa ncha ya kalamu ya wino, hicho ni kinyesi chake. Utaona magamba aliyojivua, na mayai meupe, madogo kama chembe ya chumvi. Halafu ng'oa chaga za kitanda, tazama zinapokaa kwenye mbao za pembeni. Pale ndipo kijiji chao. Mkubwa ni wa rangi ya kahawia, bapa kama mbegu ya tufaa, haruki wala hapai.

SHIJA: Na ulifanyaje?

MILEMBE: Maji yanayochemka. Chaga zote nje, kitanda kikafunguliwa, tukamimina maji ya moto kwenye kila kiungo. Shuka, mapazia, nguo, vyote vikachemshwa. Nyufa za ukuta tukaziba kwa saruji. Vyumba vyote vinne siku moja, kwa sababu ukitibu kimoja wanahamia cha pili. Na baada ya siku kumi tukarudia, maana mayai yaliyobaki yanakuwa yameanguliwa. Tukarudia na mara ya tatu.

SHIJA: Hapo kwenye dawa naomba niongee mimi. Kuna watu wanachukua vile vidonge vya kufukizia mahindi ghalani, wanaviweka chumbani, wanafunga mlango, wanalala chumba cha pili. Msifanye hivyo. Kidonge kile kikikutana na unyevu wa hewa kinatoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo inapita chini ya mlango, inapita juu ya dari. Haina dawa ya kuiondoa mwilini. Watoto ndio wa kwanza kuathirika, na mtu anaweza kudhani ni tumbo tu la kawaida. Kama vimewekwa na mtu anatapika au kifua kinambana, tokeni wote nje, kimbieni hospitali, mkaseme wazi ni vidonge vya mahindi.

MILEMBE: Rudia, Shija.

SHIJA: Vidonge vya mahindi haviingii kwenye nyumba ya kulala watu. Wala dawa ya pamba au ya nyanya iliyopimwa kwenye kichupa cha soda. Dawa ya nyumbani iwe na lebo unayoisoma na usajili wa TPHPA, ile mamlaka ya viuatilifu. Chupa isiyo na lebo hujui umenunua nini, na mtoto akiinywa daktari naye hajui amtibu nini.

MILEMBE: Mende na panya tupite haraka.

SHIJA: Mende wapo hasa wa aina mbili hapa mjini. Mkubwa mwekundu anatoka kwenye chemba, tiba yake ni kuziba mfuniko wa chemba vizuri na kuweka kichujio kwenye tundu la maji bafuni. Mdogo wa kahawia hafifu, mwenye mistari miwili myeusi mgongoni, huyo anaishi jikoni, nyuma ya friji kwenye joto la mota. Kumpulizia dawa kunamtawanya. Mwekee ile dawa nzito inayouzwa kwenye bomba la sindano, kwa vitone kwenye pembe, na usiku usiache vyombo vichafu wala maji kwenye sinki. Panya, ziba matundu kwa saruji iliyochanganywa na vipande vya chupa au waya wa chuma. Kidole chako kikipita, panya mdogo anapita. Na kagua nyaya juu ya dari, maana akitafuna waya anaweza kuleta moto.

MILEMBE: Na wale wadudu wa ziwani, wanaopanda juu ya maji kama moshi? Wageni wakiwaona wanaogopa.

SHIJA: Hawaumi wala hawali mbao. Wanazaliwa majini, wanaishi siku chache. Upepo ukiwaleta, zima taa ya nje na funga madirisha kabla ya giza, asubuhi unafagia. Ila fagia kweli, kwenye gata pia, maana wakirundikana kule na majani maji yanasimama, na maji yaliyosimama ni mbu.

MILEMBE: Gata na bati basi, tumalizie huko.

SHIJA: Doa la kahawia likitokea kwenye jipsam, usitafute tundu juu ya doa. Maji yanatembea kwenye papi, zile mbao zinazoshika bati, kabla ya kudondoka. Tafuta upande wa juu wa mteremko. Mara nyingi ni msumari wa bati uliolegea, raba yake imepasuka kwa jua. Ile mbao iliyolowa juu ya dari nayo inaita mchwa, wakati mwingine wanapanda ukuta mzima kuifuata. Na mita ya maji: funga koki zote, isome, subiri nusu saa, isome tena. Ikiwa imesogea, bomba linavuja mahali chini ya ardhi, na kama ni kando ya msingi umejua kwa nini ukuta haukauki.

MILEMBE: Hiyo nimeifanya jana. Haikusogea.

SHIJA: Basi kwako ni udongo tu.

MILEMBE: Nimeshapata vijana wawili wa kuchimba Jumamosi. Nahamisha maua, tunashusha udongo, tunaweka mfereji wa saruji nyuma yote.

SHIJA: Wachimbe kwa vipande, mita mbili mbili, wasiukate mlima wote kwa siku moja ukawaporomokea. Na mfereji unautoa wapi?

MILEMBE: Pembeni, kwenye kona ya choo.

SHIJA: Chini ya kona ile kuna ukuta wa jikoni la jirani yako.

MILEMBE: Mama yule wa mandazi.

SHIJA: Maji yote ya mlimani yatamwangukia yeye. Mchwa utakuwa umemhamishia.

MILEMBE: Hapana, hilo siwezi. Nishuke nikaongee naye leo, kabla hajafunga. Huenda tukachangia bomba moja, yake na yangu, mpaka mtaroni.

SHIJA: Twende wote nikapime. Chukua futi kamba, ipo pale kwenye ndoo.