Tairi la Misimu Yote Likikutana na Theluji
Mhadhara kwa madereva na mafundi magari, Mtwara mjini

Ndugu zangu madereva, mafundi, vijana mnaosomea ufundi magari, na wazee wetu mliokuja kutusikiliza, habari za jioni. Nashukuru kwa nafasi hii. Nashukuru zaidi kwamba mmekuja kuongea habari za matairi katika msimu huu ambapo korosho zinasombwa usiku na mchana na kila mwenye gari ana kazi.

Pale mlangoni nimeulizwa: mwalimu, theluji inatuhusu nini sisi watu wa Mtwara? Ni swali la haki. Theluji ya Tanzania iko kileleni Kilimanjaro, na huko hapaendi gari. Lakini zungukeni hapo nje mkayaangalie magari yaliyoegeshwa. Mengi yametoka Japani, na baadhi yameshuka bandarini na matairi yaliyotengenezwa kwa ajili ya barafu ya Hokkaido. Mengine yana maandishi ALL SEASON ubavuni, na mwenye duka kamwambia mteja kuwa hilo ni tairi la kila kitu. Wapo pia vijana wetu wanaokwenda kusoma Ujerumani au Kanada, mtu anapewa funguo za gari mwezi Desemba na hajawahi kuiona theluji. Jambo ninalotaka tuelewane jioni hii ni moja: tairi la kila kitu halipo. Kila tairi limepata sifa moja kwa kuachia nyingine, na ubavuni limeandikwa lilitengenezwa kwa kazi gani.

Tuanze na mpira wenyewe. Mafuta ya nazi mnayajua. Mchana yanamiminika, lakini asubuhi ya kipupwe, Juni na Julai, hasa ukiwa juu kule Newala, unayakuta yameganda chupani. Mpira wa tairi nao hubadilika kwa baridi, ila wenyewe hukakamaa pole pole. Tairi la kiangazi limechanganywa ili liwe imara kwenye lami ya moto. Joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, mpira wake unaanza kuwa mgumu, hauingii tena kwenye vinyweleo vya lami, na mshiko unapungua hata kama barabara ni kavu kabisa. Tairi la baridi lina mchanganyiko wa mpira na silika, yaani unga wa madini kama ya mchanga, na mchanganyiko huo unabaki laini hata chini ya sifuri. Ukilileta kwenye joto, ulaini huohuo unaligeukia.

Katikati ya hayo mawili ndipo lilipo tairi la misimu yote. Goodyear walitoa Tiempo mwaka 1977, na Wamarekani wakalipokea kwa mikono miwili, kwa sababu mtu aliondokana na kazi ya kubadilisha matairi mara mbili kwa mwaka. Baadaye wenye magari ya kasi nao wakataka lao: tairi pana, lenye ubavu mfupi, linaloshika kona, na bado linavuka majira ya baridi. Ndiyo hayo tunayoyaita matairi ya kasi ya misimu yote, mfano Michelin Pilot Sport All Season au Continental ExtremeContact DWS.

Hilo la Continental nalipenda kwa ukweli wake. Juu ya kashata, yaani vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, wamechora herufi tatu, D, W na S: kavu, mvua na theluji. Tairi likilika, herufi ya S ndiyo inayotangulia kufutika. Maana yake mtengenezaji anakwambia waziwazi kwamba tairi bado zima kwa lami kavu, bado linafaa kwenye mvua, lakini theluji basi. Laiti kila kampuni ingefanya hivyo.

Sasa alama za ubavuni. Ya kwanza ni M+S, yaani tope na theluji. Wengi wanaiamini kupita kiasi. Alama hiyo inatokana na umbo la kashata tu, nafasi kati yake na mifereji iliyoachwa. Hakuna aliyelazimika kulipima tairi hilo kwenye theluji ndipo aiandike. Ya pili ni mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Hiyo ilianza Marekani na Kanada mwaka 1999, na tairi haliipati bila kupimwa: lazima mshiko wake kwenye theluji ulishinde tairi la kulinganishia kwa asilimia 10 au zaidi. Wajerumani wamelichukulia jambo hili kwa uzito. Tangu Oktoba 2024, barabara ikiwa na theluji au barafu, M+S peke yake haikubaliki kwao, wanataka mlima. Jimbo la Quebec kule Kanada linalazimisha matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Kijana anayekwenda huko na aliandike hili.

Lakini hata mlima una mipaka yake. Kipimo kile ni cha theluji iliyoshindiliwa. Si cha barafu.

Basi tulifuatilie tairi la kasi la misimu yote ndani ya majira ya baridi. Kwenye lami kavu yenye baridi linakwenda vizuri, na usukani wake ni mwepesi kuitikia kuliko wa tairi la baridi. Kwenye mvua ya nyuzi 2 au 3 pia linajitahidi, na hapo linaweza kulishinda la kiangazi. Theluji nyepesi ya asubuhi linaivuka. Ukilikagua kwa karibu utaona mikato myembamba, kama imepitishwa wembe, imechanja kila kashata. Theluji inaingia kwenye mikato na mifereji hiyo na kushindiliwa humo, na kwa kuwa theluji hushikana na theluji, gari linapata mshiko. Kashata zikilika mikato nayo inakuwa mifupi. Tairi jipya lina kina cha milimita 8 hivi. Sheria za nchi nyingi zinaruhusu hadi 1.6, lakini Austria haihesabu kuwa ni tairi la baridi kama limebaki chini ya milimita 4.

Theluji ikiwa nene, upana unaanza kudai deni lake. Tairi jembamba linaikata theluji na kukanyaga kilicho chini yake. Tairi pana linapanda juu na kuelea. Mwenye gari la kasi kule Ulaya, akijua mambo, majira ya baridi hufunga rimu ndogo na tairi jembamba zaidi. Anauacha uzuri wa gari lake kwa miezi michache, na namuunga mkono.

Kisha inakuja barafu, na hapa naomba usikivu wenu wote. Gari lililo kwenye kilomita 50 kwa saa, likifunga breki kwenye lami kavu, linahitaji kama mita 12 kusimama, bila kuhesabu ule muda wa dereva kushtuka. Kwenye theluji iliyoshindiliwa linahitaji karibu mita 40. Kwenye barafu, msuguano ukishuka hadi 0.1, ni mita 98. Hii ni fizikia ya sekondari, mwanafunzi yeyote hapa anaweza kuipiga mwenyewe. Barafu mbaya zaidi ni ile iliyo karibu na nyuzi sifuri, kwa kuwa juu yake pana utando wa maji. Mtu anasema, gari langu linavuta magurudumu yote manne. Ndugu yangu, magurudumu manne yanakusaidia kuondoka. Kusimama, kila gari lina breki kwenye magurudumu manne, liwe la gharama ama la kawaida, na kinachokusimamisha ni mpira ulioko chini.

Nikiwa kwenye breki, niseme neno la nyumbani. Mafuta yanayokamuliwa kwenye maganda ya korosho hutengenezewa unga unaochanganywa kwenye pedi za breki, ili breki zishike kwa utulivu hata zikipata moto. Korosho yetu ikisafirishwa ghafi, na ganda linaondoka nayo. Vijana wa ufundi, hilo lifikirieni.

Jambo jingine la baridi ni upepo ulio ndani ya tairi, ule tunaoupima kwa psi. Joto likishuka nyuzi 5 au 6, tairi linapoteza karibu psi 1. Umelijaza 32 ndani ya gereji yenye nyuzi 20, ukalilaza nje kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, asubuhi unalikuta na 27. Halijatoboka. Lijaze, uendelee na safari.

Sasa turudi kwetu. Tairi hili hapa mezani nimeliazima kijiweni kwa fundi, limetoka kwenye gari la mtumba. Sogeeni mlione. Ubavuni pameandikwa STUDLESS kwa herufi kubwa, yaani lisilo na misumari, na mwisho wa namba za ukubwa kuna Q, yaani mwisho wake ni kilomita 160 kwa saa. Bonyezeni kashata kwa ukucha: ukucha unazama. Ipindeni kashata kidogo, mikato inafunguka kama kurasa.

Historia yake ni hii. Zamani Wajapani wa mikoa ya baridi walitumia matairi yenye misumari ya chuma. Misumari ikaila lami, vumbi likajaa hewani katika miji kama Sendai na Sapporo, watu wakawa wanalivuta. Mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuyazuia. Kabla ya hapo, mwaka 1988, Bridgestone walikuwa wameshaleta Blizzak, tairi la barafu lisilo na msumari, na mpira wake una vitundu vidogo mno vinavyonyonya ule utando wa maji juu ya barafu. Ni kazi ya akili kubwa, na kule kwao imeokoa maisha.

Hapa Mtwara, lami ya mchana inapita nyuzi 50 kwenye jua. Mpira laini namna hii, kashata zilizokatwakatwa namna hii, gari limejaa abiria kutoka Masasi: kashata zinayumba, tairi linapata moto, linalika upesi, na ukifunga breki gari linakwenda mbele zaidi ya ulivyotarajia. Kwenye mvua ni vibaya zaidi, kwa kuwa mifereji yake haikuchorwa kwa ajili ya kutoa maji mengi kwa mwendo mkubwa. Ongeza umri. Tazameni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 3514 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2014. Tairi hilo limeshakaa miaka mingi kule, likapanda meli, likaanikwa juani dukani, ndipo wewe unaambiwa bado lina kashata. Kashata linazo. Mpira wenyewe umekufa. Mimi nasema wazi: tairi la namna hii likija na gari, livue. Usimuuzie mwenzio.

Na hili la misimu yote? Kwetu linaweza kufaa, likiwa jipya na la ukubwa sahihi, kwa sababu mifereji yake inasukuma maji vizuri. Ila unalipia uwezo wa theluji usioutumia, na kwenye joto letu halilifikii tairi lililochanganywa kwa ajili ya joto. Majira yetu magumu ni kifuku. Mliokuwa njiani Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zilizokata barabara ya Lindi kwenda Dar pale Somanga, mnajua maji ni nini. Kabla maji hayajakata barabara, yanakalia lami, na tairi linaweza kuelea juu yake. Walter Horne wa NASA alitoa kanuni ya jambo hilo miaka ya 1960: tairi kipara lenye upepo wa psi 32 linaanza kuelea kwenye kilomita 94 kwa saa hivi, likiwa na psi 20, linaelea kwenye 75. Anayepunguza upepo ili apite tope la njia ya Newala asisahau kuujaza tena akifika kwenye lami.

Kuna mama mmoja pale nyuma, mwenye gari la abiria, ameuliza jambo nililotaka kulipita, nami nalijibu ndipo niwaachie jioni yenu. Ameuliza: nina fedha ya matairi mawili tu, niyafunge mbele au nyuma? Mafundi wengi watakwambia mbele, hasa kama gari linavutia mbele. Mama, yafunge nyuma. Iwe barafu ya Ujerumani, iwe mvua ya Mingoyo, sababu ni ileile. Mbele kukiteleza, gari linakataa kona, unaachia mafuta, mwendo unapungua, usukani unarudi. Nyuma kukiteleza, mkia unapita mbele na gari linazunguka, na dereva wa kawaida hana muda wa kulirudisha. Yale uliyoyatoa nyuma, yaangalie kashata na tarakimu za DOT. Yakiwa bado na uhai kuliko ya mbele, yahamishie mbele. Yanayobaki mwambie fundi ayakate kisu ubavuni mbele yako, yasije kuuzwa tena.