Nafuu hadi lini?

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Mkutano wowote kuhusu makazi ya wafanyakazi huanza na swali la nyumba ngapi zijengwe. Mimi nauliza jingine: zikishauzwa kwa bei nafuu, zitabaki nafuu hadi lini?

Kaunti ya Montgomery, jimbo la Maryland, Marekani, ilitunga sheria mwaka 1974 ikiwataka wajenzi wa miradi mikubwa watenge sehemu ya nyumba kwa ajili ya watu wa kipato cha wastani. Nao wakaruhusiwa kujenga nyumba nyingi zaidi katika ardhi ileile, kwa hiyo hawakuambulia patupu. Mpango mzuri, ila sharti la kuziuza au kuzipangisha kwa bei nafuu lilidumu miaka 5 tu! Likaja kuwa 10, na mwaka 2005 likafikishwa 30 kwa nyumba za kuuza na 99 kwa za kupangisha. Wakati huo nyingi zilikuwa zimekwisha kurudi sokoni bila kikomo cha bei, na kilichorudi sokoni hakirudishwi kwa sheria mpya.

Kaunti ya Pitkin, jimbo la Colorado, ulipo mji wa kitalii wa Aspen, ilikaza zaidi. Anayetaka nyumba ya mpango lazima afanye kazi ndani ya kaunti walau saa 1,500 kwa mwaka, aishi humo mwenyewe, na akiuza asipite bei iliyowekewa kikomo.

Tuseme nesi amenunua nyumba kwa dola 200,000, na hati ya umiliki wa nyumba inamruhusu kuongeza asilimia 3 ya bei hiyo kila mwaka. Baada ya miaka 10 atauza kwa 260,000, hata kama nyumba ya jirani isiyo na sharti imepanda maradufu. Atalalamika, na ana haki ya kulalamika: huko anakohamia hakuna atakayempunguzia bei. Lakini anayenunua kwake ni nesi mwingine, au dereva wa basi, bila kaunti kutoa ruzuku mara ya pili. Ndiyo maana nayaunga mkono masharti haya, mradi mnunuzi asomewe kabla hajatia saini, kwa lugha anayoielewa.

Kugumu ni kwenye kustaafu. Aliyefanya kazi miaka 25 atolewe kwa kuwa hatimizi tena saa zake? Mimi ningemwacha, halafu nihesabu tangu mwanzo kwamba sehemu ya nyumba itakaliwa na wazee.

Mji wa kitalii wa Vail, katika kaunti ya Eagle, Colorado pia, haukungoja kujenga. Humlipa mwenye nyumba iliyopo akubali hati yake iandikwe sharti la kudumu kwamba mkazi awe mfanyakazi wa kaunti. Hakuna kiwanja kinachotafutwa wala zege linalomwagwa.

Halmashauri yenu ikileta mpango, ulizeni kwanza bajeti ya ukaguzi. Nani atapitia hati za mishahara kila mwaka, na nani atagonga mlango nyumba ikipangishwa kwa watalii kinyemela? Nafasi hiyo ya kazi isipokuwamo kwenye bajeti, mpango urudishwe mezani.