Mafuta Hupakwa Ngozi Ikiwa na Maji

Asanteni kwa kunikaribisha, na asanteni zaidi kwa kutoa muda wenu wa chakula cha mchana. Sitaeleza kupauka ni nini, kwa sababu kila mwenye miaka hamsini humu ndani anajua anachokiona akikunja mikono ya shati. Nitaanza na hicho kiyoyozi kilichoko juu ya vichwa vyetu. Kinasoma 17. Kaka uliye karibu na rimoti, nakuomba uipandishe hadi 24. Watakaoona joto wanivumilie.

Mkitoka hapa, kabla hamjarudi kwenye meza zenu, piteni nyuma ya jengo. Kuna bomba jembamba linashuka ukutani, na chini yake mlinzi ameweka ndoo. Karibu kila ofisi ya mjini hapa ina ndoo hiyo. Wengine wanadekia maji yake, wengine wanamwagilia maua. Asubuhi ndoo ni tupu, na mchana imejaa. Yale maji yametoka wapi? Yametoka kwenye hewa ya vyumba mnamokaa. Ndani ya kiyoyozi kuna mabomba ya baridi, hewa yenye unyevu ikiyagusa mvuke unageuka matone, matone yanakwenda kwenye bomba, bomba linakwenda kwenye ndoo. Kiyoyozi hakipoozi hewa tu. Kinaikamua.

Nawapa hesabu yake, maana kuna watu hawaamini mpaka wasikie tarakimu. Hewa ya Dar es Salaam ikiwa na joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 inabeba kama gramu 23 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Ofisi yenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 50 haina hata gramu 9. Mmeingia kazini mkaacha zaidi ya nusu ya maji ya hewa mlangoni. Ngozi yenu ina joto la nyuzi 32 hivi na ina maji, hewa iliyoizunguka haina. Maji yanahama, mchana kutwa, na wala hamyaoni yakiondoka.

Na kama upepo wa kiyoyozi unakupiga moja kwa moja, mambo yanaharakishwa. Kanga iliyoanikwa kwenye upepo hukauka kabla ya ile iliyoanikwa chumbani, na mkono wako ni vivyo hivyo. Alikuja kwangu mama mmoja, keshia, mtu mzima, na mfuko uliojaa chupa za losheni. Alizipanga mezani kwangu moja moja, nyingine za bei ambayo sitaitaja. Akaniambia: daktari, zote feki, hakuna inayofanya kazi. Nikamwomba anyooshe mikono yote miwili, niitazame pamoja. Mkono wa kulia ulikuwa mkavu wa kawaida. Wa kushoto ulikuwa na magamba kuanzia kiwiko hadi kifundo, ngozi imechanika vijistari vyekundu, na alama za kucha za kujikuna. Nikamuuliza, kiyoyozi kiko upande gani wa dirisha lako la kuhudumia wateja? Akanyamaza, kisha akajigusa bega la kushoto.

Losheni haichagui mkono. Kama zilikuwa feki, zingekuwa feki mikono yote miwili. Nikamuuliza tena: unaoga saa ngapi, na unajipaka saa ngapi? Anaamka saa kumi, anaoga maji ya moto, anajifuta mpaka akauke kabisa, anawaandalia wajukuu chai, anavaa, anapanda gari, na losheni anaipaka akifika kazini, amekaa chini ya upepo ule. Saa mbili zimepita tangu aoge. Ndugu zangu, huyo mama alikuwa anapaka mafuta juu ya ukavu na kuufungia ndani.

Hili nimelisema katika semina nyingi, na leo nalisema tena kwa sababu wanaolifanya bado ni wachache. Mafuta hayaleti maji kwenye ngozi. Mafuta yanafunga maji yaliyokuwapo. Kwa hiyo hupakwa ngozi ikiwa na maji, ndani ya dakika tatu tangu utoke kuoga. Usijisugue kwa taulo. Jiguse nalo tu ili yale yanayotiririka yaondoke na ngozi ibaki na unyevunyevu unaouhisi kwa kiganja. Chukua mafuta ya mgando kidogo, kiasi cha kidole kimoja kwa mguu mzima, yayeyushe kati ya viganja, kisha pitisha kuelekea chini, kwa mwelekeo wa vinyweleo. Kopo la mafuta likae bafuni. Likikaa chumbani kwenye kabati, kabla hujalifikia utaulizwa ufunguo uko wapi, simu italia, na dakika tatu zimekwisha.

Najua kuna mtu anasema moyoni, mafuta ya mgando ni ya watoto wachanga. Wengine wameniambia hivyo ana kwa ana. Hati ya kumilikisha utengenezaji wake ilitolewa Marekani mwaka 1872, na mpaka leo hakuna mafuta ya mmea yanayozuia maji kutoka kwenye ngozi kama yanavyozuia hayo. Bei yake ndiyo inawafanya mlidharau kopo lile. Mwingine atasema yanachafua shati jeupe. Basi yapake usiku, na asubuhi tumia krimu yenye gliserini, ambayo inakamata maji bila kunata sana. Lakini msinunue gliserini tupu ya duka la dawa mkaipaka ilivyo, kavukavu, mkaingia ofisini. Ikikosa maji hewani itayavuta kutoka ngozini kwenu. Ichanganyeni na maji, au ipakeni juu ya ngozi mbichi, yaani yenye maji, kisha mfunike kwa mafuta. Na mafuta ya nazi? Mazuri. Ufilipino waliyapima kwa wagonjwa wa ngozi kavu, matokeo yakatoka mwaka 2004, yakalingana na mafuta ya madini. Mama wa Tanga, Pemba na Mafia hawakukosea. Sharti ni lile lile: ngozi iwe na maji.

Sasa swali ambalo huulizwa kila mara: mbona yule binti wa mapokezi anakaa chumba hicho hicho na ngozi yake inang'aa? Kwa sababu ana miaka ishirini na minne. Tabaka la juu la ngozi limeshikiliwa na mafuta yake lenyewe, na mafuta hayo hupungua umri unapokwenda. Kwa sisi wanawake, hedhi ikikoma homoni ya estrojeni hushuka, na pamoja nayo hupungua mafuta, unene wa ngozi na uwezo wake wa kushika maji. Wanaume mafuta yenu hupungua polepole zaidi, lakini yanapungua, na nyinyi ndio msiopaka chochote chini ya magoti. Binti na wewe mnaibiwa na hewa ile ile. Yeye ana akiba, wewe huna. Hilo si la kuonea aibu, ila haliruhusu uendelee kuoga kama ulivyooga ukiwa na miaka yake.

Na kuhusu maji ya kunywa. Kunyweni, jamani, sijawakataza. Figo zinayahitaji. Ila kama hujaishiwa maji mwilini, kuongeza chupa ya tatu hakutaponya mkono uliopauka, kwa sababu tatizo si kwamba maji hayafiki kwenye ngozi. Yanafika, kisha yanatoka. Watu wanahangaika na machupa mezani, wanakwenda msalani kila nusu saa, na mapanga ya kiyoyozi hakuna aliyeyageuza. Yageuzeni yaelekee darini. Ni kazi ya dakika moja na kiti cha kusimamia. Tena kuna wanaoweka beseni la maji chini ya meza ili kurudisha unyevu. Maji hayo yataishia kwenye ndoo ya mlinzi. Kwa ndugu zetu wanaofanya kazi Maskati au Dubai, ambako majira ya joto kiyoyozi hakizimwi mchana wala usiku, mashine ndogo ya kutoa mvuke karibu na kitanda nitaielewa. Hapa kwetu fungueni dirisha saa ya chakula. Hewa yenye maji ipo nje, bure.

Naona naonyeshwa saa, kwa hiyo sabuni nitaipitia upesi, ingawa ilistahili mhadhara wake. Ngozi ina uchachu kidogo: pH yake, yaani kipimo cha uchachu, ni 5 hivi. Sabuni ya kipande huwa 9 hadi 10, mbali kabisa na uchachu huo. Sabuni ya mche ni ya nguo, na sabuni za dawa za kuua vijidudu si za kila siku kwa mtu wa miaka hamsini na mitano. Paka sabuni kwapani, sehemu za siri na miguuni. Mikono na mapaja ya mtu aliyeshinda ofisini yanatosheka na maji. Maji yawe ya uvuguvugu, dakika kumi zisipite. Dodoki litundikeni, lisitumike tena.

Kuna moja siwezi kuliruka, hata mkinizimia kipaza sauti. Mkorogo, zile krimu za kuchubua ngozi. Mama anapauka, anaambiwa dukani kuna krimu itakayomlainisha na kumtakatisha, na kwa wiki mbili ngozi inakuwa laini kweli. Ni laini kwa sababu humo mna steroidi kali, dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi, mara nyingi ile iitwayo klobetasoli, na steroidi hiyo ikipakwa kila siku bila usimamizi wa daktari inaipunguza ngozi unene. Ngozi ambayo umri umeshaipunguza! Baada ya hapo kila upepo unaingia, kila mkwaruzo unaacha doa, mishipa inaonekana mashavuni. Zebaki na hidrokwinoni katika vipodozi zimepigwa marufuku nchini, lakini makopo bado yanauzwa chini ya meza, na wanunuzi ni watu wenye mishahara, waliosoma. Krimu isiyoandikwa kilichomo, au inayochotwa kwenye ndoo na kujazwa kwenye kopo lingine, usiipake popote. Na uliyekwisha kuizoea, usiiache ghafla peke yako, kwa sababu ngozi itawaka. Njoo kliniki tuipunguze taratibu.

Miguu. Magaga yalowekwe, yasuguliwe kwa jiwe taratibu, yapakwe krimu ya yurea, kisha soksi za pamba usiku. Msikate kwa wembe. Mwenye kisukari asitumie jiwe wala wembe. Atazame nyayo zake kila jioni, apake mafuta juu na chini ya mguu lakini asipake katikati ya vidole, maana pale pakiwa na majimaji fangasi wanaota. Ufa mdogo kwa mwenye kisukari unaweza kuwa kidonda kisichopona.

Midomo sitaifikia, wala macho. Ila yule ambaye ngozi inamuwasha usiku hadi anaamka, ameshageuza mapanga ya kiyoyozi, anapaka mafuta juu ya ngozi mbichi wiki tatu nne, na bado anajikuna, asije kuniuliza jina la losheni nyingine. Aje tupime sukari, figo na tezi ya shingo.