Dakika Tatu Kiotani: Korongo Mweusi na Wanaomwindia Makinda

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja, na asanteni mlioketi sakafuni. Nitazungumza juu ya familia moja ya ndege, baba, mama na makinda watatu, na juu ya wale wanaokuja kiotani kuwaua.

Wengi wenu mnamjua korongo mweupe, yule wa Ulaya anayejenga kwenye mapaa ya nyumba na nguzo za umeme. Leo namleta ndugu yake mweusi. Mgongo wake ni mweusi, lakini jua likimpiga unang'aa kijani na zambarau. Tumbo ni jeupe, mdomo na miguu ni myekundu. Akisimama anafika karibu mita 1, na akitandaza mabawa ni mita 1.5 hivi. Wengi wao huzaliwa Ulaya na Asia, kisha wengi wa wale wa Ulaya huvuka Sahara na kuja kupitisha baridi huku Afrika. Kusini mwa Afrika wako pia wanaozaliana hukohuko, kwenye majabali.

Tofauti kubwa ya hawa wawili ni kwamba mweupe hukaa mbele ya macho ya watu, na mweusi hujificha. Anataka msitu mkubwa, wenye miti mizee, na kijito cha karibu. Kiota hakijengi kileleni. Anachagua tawi nene lililotoka kando ya shina, majani yawe paa juu yake, na mwaka hadi mwaka anaongeza vijiti na kuvumwani, ile mimea midogo laini inayoota kwenye miti na mawe, mpaka kile kiota kinakuwa mzigo unaoweza kuvunja tawi. Watu wamepita chini ya mti kama huo miaka mingi wasijue kuna nini juu.

Sasa mimi nimewaonaje? Kwa kamera. Huko Estonia na Latvia, nchi mbili za kaskazini mwa Ulaya, watafiti wamefunga kamera kwenye viota vichache, kabla ndege hawajarudi kutoka safarini, na picha huja moja kwa moja kwenye intaneti, mchana na usiku. Nimekesha nazo. Kuna majira ambayo kwa wiki nane nzima kitu cha kwanza asubuhi, kabla ya chai, kilikuwa kuhesabu makinda.

Jike hutaga mayai matatu au manne, wakati mwingine matano. Wazazi hupokezana kuatamia kwa siku 32 hadi 38. Kwa kuwa hawasubiri mayai yote yatimie ndipo waanze kuatamia, makinda hawatotolewi siku moja. Anayetangulia anapata siku kadhaa za kula kabla mdogo wake hajatoka yaini. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Wiki mbili tatu za kwanza mzazi mmoja hatoki kiotani. Mwingine anakwenda kuvua, anarudi, wanapokezana. Na hapa ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza adui akija.

Ilikuwa usiku. Kamera ya usiku inaonyesha kila kitu kwa rangi ya kijivu. Mama amesimama, makinda wamejikunja chini ya tumbo lake. Pembeni mwa kiota, mahali tawi linapoungana na shina, pakatokea nukta mbili nyeupe, zikatulia. Ni macho. Alikuwa marteni, mnyama mdogo wa jamii ya vicheche, mwili mrefu kama soksi, mkia wa manyoya, mpanda miti hodari kuliko paka. Marteni akikuta mayai anayabeba moja moja. Akikuta makinda wadogo hamwachi hata mmoja.

Yule mama hakuruka. Aliinama, akafungua mabawa nusu, kama mtu anayetanda shuka juu ya watoto, na mdomo wake akauelekeza pale penye macho. Akatoa sauti ya kukoroma iliyotoka tumboni. Zile nukta mbili zikakaa, zikakaa, kisha zikazimika. Mama hakulala tena. Alibaki ameelekea upande uleule mpaka kulipokucha. Usiku huo niliona kwamba silaha yake kubwa ni kuwepo. Mdomo mrefu namna ile ni wa kuvulia samaki, na uzito wake ni kilo 3 tu au karibu na hapo, lakini kiota chenye mtu mzima ndani hakiingiliki kirahisi.

Basi kwa nini hawabaki siku zote? Kwa sababu ya tumbo. Kinda wa wiki nne anakula kwa namna ambayo mzazi mmoja hawezi kumtosheleza, na hapo wapo watatu. Inabidi wazazi wote wawili watoke. Kama kijito cha karibu kina samaki na vyura, mzazi anatoka na kurudi upesi. Kama hakina, anaruka kilomita 10, hata 20, anatafuta, anajaza koo, anarudi, anacheua samaki katikati ya kiota, anaondoka tena. Zile saa za katikati ndizo saa za maadui.

Na anakuja nani? Kunguru wakubwa weusi, wanaopenda mayai. Tai mkia-mweupe, ambaye ana nguvu ya kubeba kinda mkubwa. Kipanga mkubwa wa misituni, na huyu ndiye aliyenifanya niandae mazungumzo haya.

Makinda walikuwa na wiki tano. Walikuwa wameanza kusimama, wakipunga mabawa yenye manyoya ambayo hayajakomaa. Kiota chote kilikuwa cheupe kwa kinyesi. Asubuhi, jua limeshaingia kati ya majani, wazazi hawapo. Ghafla wote watatu wakajilaza. Hakuna aliyeanza na mwingine akafuata. Walishuka pamoja, shingo zimenyooshwa juu ya vijiti, mabawa yamelegea, kama wamekufa. Watafiti wanaopanda kuwafunga makinda pete za utambulisho miguuni wanaijua hali hii: unaweza kumwinua kinda, kichwa kikaning'inia, na moyo wake uko mzima kabisa. Nilisogeza uso karibu na kioo. Kinda wa mbele alikuwa macho wazi, na nzi alikuwa akitembea pembeni mwa jicho lake. Hakupepesa.

Kujifanya mfu kunamsaidia kinda mbele ya adui anayevutwa na mwendo. Lakini kipanga ameshaona kiota siku nyingi, anajua kilicho ndani. Alitua ukingoni, mgongo wa kijivu, macho ya rangi ya chungwa, akawatazama. Akamrukia yule mdogo.

Niliahidi kulirudia lile jambo la makinda kutototolewa siku moja. Yule wa mwisho kutotolewa ndiye aliyesukumwa ukingoni kila samaki walipocheuliwa, ndiye aliyekuwa mwepesi, na ndiye aliyelala mahali pa wazi zaidi. Kwa hiyo kipanga alimalizia kazi ambayo njaa ilikuwa imeshaianza. Na kuna jambo zito zaidi ambalo sitalificha: kwa korongo, mweusi na mweupe, imeshuhudiwa mzazi mwenyewe akimuua au kumtupa nje kinda aliye dhaifu pale chakula kinapopungua. Mtu akiliona hilo mara moja halisahau. Nami siwezi kumhukumu ndege aliyeruka kutwa nzima juu ya mitaro mikavu akitafuta samaki.

Baba alirudi dakika ya tatu. Alikuja kwa kasi ambayo sijamwona akitua nayo kabla wala baadaye, kifua mbele, mdomo umefunguka, na kipanga akaondoka mikono mitupu. Makinda wawili walibaki wamelala kwa muda, kisha mmoja akainua kichwa, kisha mwenziwe. Baba akacheua samaki, kama kila siku. Wawili wakala. Yule wa tatu, baba alimgusa kwa ncha ya mdomo mara mbili, akaacha, akamgusa tena.

Naona mkono umeinuliwa pale nyuma. Ndiyo, dada. Unauliza kwa nini hakuna aliyekwenda kumsaidia, na watu wote wanatazama.

Swali hilo huulizwa kila mara, na linatoka moyoni, nami nililiuliza kwa hasira siku ile. Ukitoka na ngazi baada ya kuona kipanga, umeshachelewa, dakika tatu hazikufikishi hata barabarani. Halafu mtu akipanda, wazazi wanaokwepa watu namna hii wanaweza kukaa mbali na kiota kwa saa nyingi, na makinda wanaokaribia kuruka hushtuka wakaruka kabla ya wakati, wakaanguka chini kabisa. Kuwapandia kiotani ovyo ni kuwamaliza.

Kazi inafanyika mapema, wakati ndege hawapo. Mti wenye kiota huzungushiwa bati laini shinani ili marteni akose pa kushika kucha. Msitu unaouzunguka mti ule haukatwi, ili paa la majani libaki. Na vijito. Hapo nitawaomba mnisikilize zaidi. Huko Estonia korongo weusi wamepungua sana tangu miaka ya 1980, na moja ya sababu zinazotajwa ni ile mitaro iliyochimbwa kukausha misitu ili miti ikue upesi. Vijito vya kupindapinda vilinyooshwa vikawa mifereji, samaki wakakosa mahali pa kuzalia. Mtu aliyechimba mtaro hakumgusa korongo hata unyoya. Lakini alimwongezea baba yule kilomita, na kila kilomita ni dakika ambayo kiota hakina mtu.

Ndiyo maana watu wanaorudisha mawe na changarawe ndani ya vijito, ili samaki wazaliane tena karibu na kiota, mimi nawahesabu kuwa walinzi wa makinda sawa na yule mama aliyekesha na macho yale mawili gizani.

Wawili waliobaki waliruka walipofikisha miezi miwili na siku chache. Mkubwa alitangulia. Mwenziwe alibaki siku mbili peke yake, akipunga mabawa mpaka kuvumwani kikawa kinarushwa huku na huku, na kila kivuli kikipita juu anajilaza. Asubuhi ya tatu alikwenda ukingoni, palepale kipanga alipotua, akajiachia.

Sasa naomba taa zizimwe. Nitawaonyesha usiku wa marteni, tangu macho yalipotokea hadi yalipozimika. Tazameni upande wa kushoto, chini, penye shina.