Umbo la mate, kazi ya maziwa

Utangulizi tuuache, twende kwenye jinsi tezi inavyopata umbo lake. Kiinitete, yaani kiumbe kikiwa bado kinaumbika mimbani, mnakijua, tabaka zake tatu za seli mmezikariri tangu shuleni. Ninalolipigia kelele mimi, na wengine hapa mmelisikia hadi mmechoka, ni ile michoro ya vitabuni: seli ya tezi imekaa mraba, imetulia, utadhani ilizaliwa hivyo. Haikuzaliwa hivyo!

Chukueni tezi ya mate ya panya, ile ya chini ya taya. Siku ya 11 na nusu hivi ya mimba, utando wa kinywa unanenepa mahali pamoja: seli zinarefuka na kusongamana. Siku moja baadaye ni chipukizi lililozama ndani ya tishu laini iitwayo mesenkaima. Siku ya 13 linaingia mipasuko, na matawi yanaanza.

Nani kaamua umbo hilo? Mtaniambia jeni. Kila mwaka naambiwa jeni! Sawa, bila jeni hakuna tezi. Lakini mwaka 1953 huko Marekani, mwanabiolojia Clifford Grobstein alizitenga seli za tezi hiyo na mesenkaima yake, akazikuza kwenye chombo bila hiyo mesenkaima. Jeni zote zilikuwemo, hata moja haikupotea. Matawi? Hakuna. Alipozirudishia mesenkaima yake, yakaota.

Sasa sikilizeni hili la mtafiti Teruyo Sakakura na wenzake, 1976. Walichukua seli za tezi ya maziwa ya kiinitete cha panya, wakazikutanisha na mesenkaima ya tezi ya mate, wakazipandikiza ndani ya panya jike. Zikatoa matawi kwa mtindo wa tezi ya mate, mtindo wa jirani. Panya yule alipofika kunyonyesha, seli zilezile zikatengeneza alfa-laktalbumini, ambayo ni protini ya maziwa. Anayesema umbo na kazi ni amri moja ya jeni, aje hapa mbele atufafanulie. Naona hamji.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka basi: nguvu ya tabaka la seli kujikunja inatoka kwa aktini na miosini, protini za ndani ya seli zinazovutana. Zikikaza ncha moja ya seli kama uzi unavyofunga mdomo wa mfuko, seli inakuwa kabari na tabaka zima linapinda. Mwagia tezi changa saitokalasini, kemikali inayovuruga aktini, matawi yanakoma, ioshe, yanaendelea. Fibronektini, protini ya kwenye mipasuko, nairuka, na tezi ya kongosho pia, samahani.

Maswali? Wa jeni wasubiri mwisho.