Hapana, Sijaacha Sanaa: Najibu Kuhusu Hizi Picha Ninazochapa kwa Kompyuta

Habari zenu, ndugu zangu. Leo nimekaa nijibu swali moja, maana kila nikiweka video linarudi: "Mbona siku hizi unachora kwa kompyuta? Mkono umekwisha?" Sijaja kujisifu, wala sijaja kulia shida. Nisikilizeni tu.

Nilikotoka mnakujua: rangi, kisha kuchonga mbao, kisha mabamba ya shaba na asidi. Nilipofika huku nikapanga chumba kimoja, na mwenye nyumba akakataa asidi isiingie kwake. Alikuwa na haki. Mvuke wa asidi ya nitriki unaharibu mapafu, na mimi nilishaanza kukohoa usiku. Nikabaki na skana na printa.

Ninachofanya ni hivi. Michoro yangu ya penseli naiskani, naipanga tabaka kwa tabaka kwenye kompyuta, natoa chapa, yaani picha iliyochapwa, kwa wino wa pigimenti juu ya karatasi ya pamba. Halafu nachonga ubao, naupaka wino kwa rola, nailaza ile chapa kifudifudi juu yake na kuisugua mgongoni kwa kijiko cha mti mpaka bega linauma. Karatasi ikivuta unyevu hutanuka. Mstari wa ubao ukipishana na wa printa hata nusu milimita, uso niliouchora unapata midomo miwili. Hiyo haiuziki.

Ndugu yangu wa damu, tumbo moja, aliniambia nimegeuka steshenari. Liliniuma, na bado linaniuma.

Lakini kinachonimaliza ni makaratasi ya forodha ninapomtumia mteja wa nje. Kwenye namba za forodha zinazotumika karibu dunia nzima, chapa halisi ya msanii ni 9702, na sharti lake ni bamba lililotengenezwa lote kwa mkono, mashine haitakiwi. Ya printa inatupwa 4911, kapu moja na katalogi za biashara. Sasa yangu ya printa na ubao niiandike wapi? Mara ya kwanza niliandika 9702. Mzigo ukazuiwa, nikalipa ushuru na gharama za ghala, faida yote ikaishia hapo. Mteja naye akachoka kusubiri, akadai hela yake.

Siku hizi naeleza mbinu zote kwenye fomu, printa kwanza, ubao baadaye. Nikisema nakala 20 ni 20, kila moja na namba yake kwa penseli, na sitoi ya 21 hata faili likiwa bado lipo. Hayo ni yangu. Mzigo wako na afisa wako vinaweza kuwa vingine kabisa, usije ukanilaumu.

Hii hapa ni 7/20, wino haujakauka. Ngoja niigeuze niisogeze kwenye kamera. Mnaona mistari hii mgongoni? Ni kijiko.