Jinsi ya kubandika tepu za reflekta kwenye trela ya futi 53 Marekani

Habari zenu wakuu. Leo tuko yadini, hapa Ohio, na trela ya boksi ya futi 53 niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Tepu za ubavuni zimepauka, na kwenye bampa la nyuma hakuna kitu kabisa. Hili la bampa lilishanikuta mizani. Trela nimeipamba ubavuni kama gari la bibi harusi, najiona nimemaliza, ofisa akainama, akamulika chini, akaanza kuandika. Kwa hiyo leo tunaanzia nyuma.

Kwanza tepu yenyewe. Sogea na kamera. Unaona hayo maandishi madogo, DOT-C2? DOT ni Wizara ya Uchukuzi ya Marekani. Hiyo 2 ni upana, inchi mbili, na lazima yawepo kwenye kila kipande chekundu na kila cheupe. Rola isiyo nayo, hata iwake vipi, iache dukani. Na wewe uliyezoea zile za njano na nyekundu nyuma ya malori ya nyumbani, sahau njano. Hapa ni nyekundu na nyeupe.

Sasa safisha. Osha kwa maji ya sabuni, ikauke, halafu pitisha kitambaa chenye spiriti. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, ahirisha, gundi haitashika.

Haya, nyuma. Mstari wa kwanza unapita chini ya milango, ukingo hadi ukingo. Ukifika kwenye bawaba, kata, uendelee upande wa pili. Mstari wa pili ni wa bampa, upana wake wote. Gari dogo likija kwa kasi usiku, taa zake zinapiga hapo chini kabla ya kitu kingine.

Kisha panda ngazi. Kwenye kona mbili za juu weka nyeupe tupu, inchi 12 ya kulala na inchi 12 ya kusimama, zikutane konani. Wengi huweka mchanganyiko huku juu kwa sababu ndio uliobaki kwenye rola. Hapana, ni nyeupe tu, na isisogelee kioo cha taa nyekundu au ya rangi ya chungwa chini ya inchi 3.

Ubavuni sheria inataka angalau nusu ya urefu wa trela. Nusu ya futi 53 ni futi 26 na nusu. Mimi natumia vipande vya inchi 18, kila kimoja kina inchi 11 za nyekundu na inchi 7 za nyeupe. Kufikia hiyo nusu ni vipande 18 kila upande. Cha kwanza kikae mbele kabisa, cha mwisho nyuma kabisa, katikati unabandika kimoja unaruka inchi 18 na kidogo. Piga uzi wa chaki kwanza, maana macho yanadanganya kwenye urefu huu. Kimo kiwe kati ya inchi 15 na 60 kutoka barabarani.

Angalia mkono wangu. Nabandua karatasi kidogo kidogo, nakandamiza kwa plastiki ngumu kutoka katikati kwenda nje. Nimekutana na ribiti. Usiivutie tepu juu yake ikabaki na hewa. Chana kwa wembe kuizunguka, ukandamize tena. Maji ya chumvi ya barabarani wakati wa theluji huingilia humo humo.

Mwisho, jua likizama, rudi nyuma hatua 40. Washa tochi ya simu, lakini iweke kando ya jicho, hapa kwenye panja. Tepu hii inarudisha mwanga kule ulikotoka, ukiishika simu kiunoni utadhani tepu mbovu. Umeona ile ya zamani pale mbele? Mchana ilionekana nzima, sasa imekufa kabisa. Kesho naibandua.

Na kitambaa cha kufutia tepu kikae ndani ya kichwa cha lori. Utafiti wa 2001 wa NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, ulikuta tepu safi inapunguza kugongwa kwa nyuma gizani kwa asilimia 53, ila yenye uchafu ni 27 tu. Mimi kila nikijaza mafuta, nafuta bampa.